Siku Zikipita na Uchungu Haujaja

Alfajiri ya tarehe 12 Oktoba niliamka kabla ya adhana, nikajisikiliza. Kiuno kimya, tumbo kimya, mtoto anapiga mateke yake ya kila siku upande wa kulia. Begi lilikuwa mlangoni tangu wiki mbili nyuma, kanga zimekunjwa, beseni limefungwa kwa kamba. Tarehe ile ilikuwa imeandikwa kwa wino wa bluu kwenye kadi yangu ya kliniki, nami nilikuwa nimeisoma mara nyingi mpaka nikaiona kama ahadi. Jua likapanda, likazama. Kesho yake simu zikaanza: "Vipi mama, bado?" Binti yangu alizaliwa siku tisa baadaye.

Ninayaandika haya kwa ajili yako uliye ndani ya siku hizo, au unayeziona zinakujia. Mimi si mkunga. Ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Tanga, na mengi ya humu nimeyajua kwa kuwauliza wakunga baada ya kujifungua, wakati nilipaswa kuyauliza kabla. Kupitiliza siku ni jambo la kawaida, na mara nyingi huisha vizuri. Lakini kusubiri kuna usalama pale tu unapojua uko wiki ya ngapi, na pale ambapo kuna mtu mwenye ujuzi anayekuangalia wewe na mtoto mpaka siku mliyokubaliana. Ukikosa kimojawapo, umeachwa peke yako.

Tarehe ile ilitoka wapi

Chukua kadi yako uangalie palipoandikwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kila kitu kinaanzia hapo. Anayekuhesabia huongeza siku 7 na miezi 9. Yangu ilikuwa tarehe 5 Januari: 5 na 7 ni 12, Januari na miezi 9 ni Oktoba. Hesabu hii inabeba jina la daktari Mjerumani, Franz Naegele, aliyefariki mwaka 1851, na mpaka leo ndiyo inayotumika kuanzia zahanati ya kijijini hadi hospitali ya rufaa. Inakupa siku 280 hivi, yaani wiki 40.

Tatizo ni kwamba imemfikiria mwanamke ambaye hedhi yake huja kila baada ya siku 28 na yai lake hutoka kwenye siku ya 14. Yangu huja kila baada ya siku 34. Yai langu huchelewa kutoka kwa siku kama sita, kwa hiyo tarehe yangu ya haki ilikuwa karibu na 18 Oktoba. Hakuna aliyeniuliza habari za mzunguko wangu, nami sikujua kwamba ni jambo la kusema. Wewe liseme bila kuulizwa. Sema pia kama ulikuwa umeacha sindano ya uzazi wa mpango hivi karibuni, kwa sababu baada ya sindano hedhi inaweza kukawia miezi na kurudi bila mpangilio. Sema kama ulishika mimba ukiwa bado unanyonyesha na hujaona siku zako. Sema kama ile uliyoihesabu kuwa hedhi ilikuwa matone mepesi ya siku moja tu, maana wengine hutokwa na damu kidogo mimba ikiwa imeshatunga, na hapo hesabu nzima hupishana kwa karibu mwezi.

Altrasaundi husaidia sana ikifanywa mapema. Ya miezi mitatu ya mwanzo hukisia umri wa mimba kwa tofauti ya siku tano hadi saba. Ya mwezi wa nane inaweza kukosea kwa wiki mbili, hata tatu, kwa kuwa watoto wakishakua kila mmoja huchukua umbo lake. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kama mimba yako bado changa, hiyo ndiyo fedha ninayokusihi uitafute hata kwa kuikopa kwenye kikoba. Kama muda huo umeshapita, usiache picha ya wiki jana ifute tarehe ya hedhi unayoikumbuka vizuri. Omba zote mbili ziangaliwe pamoja.

Na hata tarehe ikiwa sahihi kabisa, kati ya wanawake 20 ni kama mmoja tu anayejifungua siku hiyohiyo. Mimba huhesabiwa kuwa imetimia kuanzia wiki ya 37. Ikifika 42 imepita muda wake. Kwa hiyo nilichora tarehe nne kwenye karatasi na kuichomeka ndani ya kadi: 21 Septemba (wiki 37), 12 Oktoba (wiki 40), 19 Oktoba (wiki 41) na 26 Oktoba (wiki 42). Fanya hivyo na wewe, leo. Nilipoziona nne kwa pamoja, ile ya 12 iliacha kunitisha, na ile ya 19 ndiyo niliyoanza kuipa uzito.

Kwa nini kuna kikomo

Kondo la nyuma ndilo linalomlisha mtoto na kumpa hewa, nalo lina umri wake. Kwa wengi huendelea kufanya kazi vizuri baada ya wiki 40. Kwa wachache huanza kushindwa: maji ya uzazi yanapungua, mtoto anabanwa, pengine anajisaidia humo ndani na kuyavuta maji machafu kwenye mapafu. Kwa wengine tatizo ni kinyume, mtoto anaendelea kunenepa na mabega yanapata shida kupita.

Hatari ya mtoto kufia tumboni katika wiki ya 40 ni ndogo. Hupanda kadiri siku zinavyosogea kuelekea 42. Sweden walifanya utafiti kwa wanawake zaidi ya 2,700. Nusu wakaanzishiwa uchungu wiki ya 41, nusu wakaachwa wasubiri hadi 42. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu watoto sita walikufa katika kundi la kusubiri na katika lile la kwanza hakufa hata mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Watoto sita katika wanawake karibu 1,380 ni wachache kwa anayehesabu. Kwa mama wa mmoja wao, si wachache hata kidogo. Na hiyo ni nchi yenye mashine na wataalamu wa kutosha.

Ndiyo maana WHO inashauri mwanamke ambaye ana uhakika kuwa ametimiza wiki 41 aanzishiwe uchungu, na kwamba kabla ya hapo, kama mimba haina tatizo lolote, aachwe asubiri. Angalia neno "uhakika". Ndilo linalofanya ile hesabu ya mwanzo iwe na thamani.

Mtoto anavyocheza

Hili nitalikalia, kwa kuwa ndilo pekee ambalo hakuna daktari anayeweza kulifanya kwa niaba yako. Mapigo ya moyo wa mtoto unapimiwa mara moja kliniki, kisha unarudi nyumbani siku kadhaa. Katika siku hizo, taarifa pekee inayotoka kwa mtoto ni ile anayokupa wewe kwa mateke, kujinyoosha na kujizungusha.

Kila mtoto ana desturi yake. Wangu alikuwa akiamka baada ya chakula cha mchana na tena usiku ninapojilaza. Ijue ya kwako. Kisha, ukishapita wiki 40, tenga saa moja kila siku, wakati ule ambao huwa anacheza zaidi. Kula kitu kwanza, lala ubavu, zima televisheni, weka mkono tumboni uhesabu. Wakunga wengi hutumia kipimo hiki: ukifikisha saa mbili hujapata michezo kumi, nenda hospitali. Mimi naongeza alichoniambia jirani yangu, mkunga mstaafu: hata akifika kumi, kama moyo wako unakuambia mtoto wa leo si yule wa jana, nenda.

Utasikia watu wazima wakisema kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, kwamba amechoka, kwamba anajikusanyia nguvu za safari. Wanasema kwa mapenzi, lakini si kweli. Nafasi ikibanwa aina ya michezo hubadilika, kutoka mateke makali kwenda kujivuta na kusukuma. Idadi haitakiwi kushuka. Mtoto mzima anaendelea kucheza mpaka siku ya uchungu, na hata ndani ya uchungu.

Usiku wa tarehe 18 nilikula wali, nikalala ubavu, nikapata michezo mitatu tu kwa saa nzima. Nikanywa maji baridi, nikageuka. Miwili tena. Mume wangu akaita bajaji, saa sita usiku tukawa hospitali. Nesi wa zamu alinisikiliza kwa ile pembe ya mkunga, akahesabu mapigo 142 kwa dakika. Kawaida ni kati ya 110 na 160. Akaniweka nusu saa nyingine, akasikiliza tena, mtoto akaanza kujivuta chini ya mkono wake. Niliona aibu, nikamwomba radhi kwa kumsumbua. Akanijibu, "Mama, hata kesho ukihisi hivi, njoo." Ninakupa maneno hayo uyatumie kama ni yako. Usisubiri kupambazuke, na usitume ujumbe kwanza kwa dada kumwuliza yeye ilikuwaje.

Jambo dogo la kulala: katika miezi hii ya mwisho, lala ubavu unapoanza usingizi, wa kushoto au wa kulia. Ukilala chali, uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa wa damu, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Ukishtuka usiku ukajikuta chali, geuka tu.

Ukiambiwa "subiri", uliza mpaka lini

Siku mbili baada ya tarehe yangu nilikwenda zahanati moja. Nilipimwa presha, tumbo likapimwa kwa utepe, nikaambiwa, "Rudi uchungu ukianza." Nikashukuru, nikaondoka. Nilipompitia yule jirani kumwamkia, akaniuliza nimeambiwaje. Nikamweleza. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, na usipoanza?"

Sikuwa na jibu. Sikupewa tarehe ya kurudi, wala hospitali ya kwenda, wala siku ambayo subira ingekoma. Kesho yake nilikwenda kliniki nyingine, kubwa kidogo, nikiwa na karatasi yangu ya tarehe nne, nikauliza alichonifundisha jirani: nirudi lini kupimwa mapigo na presha? Nikitimiza wiki 41 bila uchungu, nani ataniona, wapi? Hospitali hiyo ina chumba cha upasuaji na damu? Kama inabidi nipewe barua ya rufaa, naweza kuipata leo? Hakuna aliyekasirika. Waliandika kila kitu kwenye kadi: kurudi tarehe 16, kisha tarehe 19 hospitali ya rufaa ya mkoa.

Uliza kwa upole na uandikiwe. Kauli ya mdomo hupotea zamu inapobadilika. Zahanati haitakiwi kuanzisha uchungu, kwa hiyo kama unaishi mbali, safari ya kwenda hospitali ipangwe kabla ya wiki 41, pengine kwa kuhamia kwa ndugu aliye mjini. Nauli ikae pembeni, isiguswe. Zungumza na watu wawili walio tayari kuchangia damu. Tanzania kuna mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na wachanga. Namba yake ni 115, kupiga ni bure. Iandike ukutani kwa maandishi makubwa ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuyasoma.

Kuna ambao hawatakiwi kusubiri hata hizo wiki 41: mwenye presha, mwenye sukari, mwenye mapacha, ambaye mtoto ametanguliza makalio, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi. Ukiwa mmojawapo, kikomo chako ni cha mapema zaidi na daktari ndiye anayekipanga. Na kuna dalili zisizojali wiki: kichwa kuuma sana kusikokoma, macho kuona ukungu au nyota, kuvimba uso na mikono kwa ghafla, damu kutoka, homa. Hizo ni za kuondoka nyumbani saa hiyohiyo.

Mizizi, mafuta na tende

Mama mkwe wangu alikuja siku ya tano na kifurushi cha mizizi kutoka Handeni. Alikuwa na watoto saba, amewazalisha mawifi zake, na alikuja kwa basi na vumbi lote lile kwa sababu ananipenda. Kukataa mkono kama huo ni kazi ngumu kuliko uchungu wenyewe.

Sababu ya kukataa ni hii. Baadhi ya dawa hizi zina nguvu kweli. Zinakaza mji wa mimba, lakini hakuna anayejua kipimo. Hospitali wakitaka kuanzisha uchungu huanza na dozi ndogo, wanasubiri, wanasikiliza mtoto, wanaongeza. Kikombe cha mizizi kikishamezwa hakitoki. Uchungu ukija mfululizo bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na mji wa mimba unaweza kupasuka, hasa wenye kovu la upasuaji au uliozaa mara nyingi. Ubaya huongezeka pale mama anapofika leba akaficha alichokunywa, kisha akawekewa dripu ya uchungu juu yake. Kama umeshakunywa, sema. Watakugombeza dakika mbili, lakini watajua cha kufanya.

Mimi nilipokea kifurushi kwa mikono miwili, nikamwambia, "Ahsante sana mama. Hospitali wamenikataza kunywa kitu chochote mpaka wanipime tarehe 19, naomba uniwekee." Sikumwambia kuwa dawa yake ni mbaya. Alikiweka kabatini, akaingia jikoni akanipikia supu ya pweza. Ukihitaji kumtupia daktari lawama ili heshima ya nyumba ibaki, mtupie. Atazibeba.

Mafuta ya mbarika nayo hutajwa sana. Huharisha, yanaleta kichefuchefu, na unaweza kuingia leba umeishiwa nguvu na maji. Nisingeyanywa. Nanasi, pilipili na tangawizi ni chakula. Kula ukipenda, usitarajie makubwa. Kutembea jioni kunasaidia mgongo na usingizi. Tendo la ndoa halina madhara ikiwa chupa haijapasuka, hakuna damu, na hukukatazwa kliniki.

Tende ni habari nyingine. Huku pwani tumekua tukisimuliwa uchungu wa Bibi Maryam chini ya mtende, na wanawake wengi huzila mwezi wa mwisho kwa imani hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Jordan walichapisha matokeo ya wanawake 69 waliokula tende sita kila siku kwa wiki nne kabla ya tarehe yao, wakilinganishwa na 45 ambao hawakula. Waliokula walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi, na wengi wao uchungu ulianza wenyewe. Ni utafiti mdogo, usiujengee nyumba. Lakini tende ni chakula chema, na kama huna sukari sioni sababu ya kuziacha. Anza wiki ya 36. Siku ukishapitiliza, umeshachelewa kuanza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba mwanamke anayechelewa ana siri, na uchungu hautakuja mpaka akiri. Nimeona mwanamke akililia hilo kitandani, hana kosa lolote. Mtoto hachelewi kwa sababu ya mwenendo wa mama yake. Wanaopitiliza zaidi ni wenye mimba ya kwanza na wale waliowahi kupitiliza. Maumbile ya mwili, basi. Ukisikia anayeambiwa hivyo, mtetee hapohapo.

Kuhusu simu: mpe mume au dada kazi ya kuzijibu. Nilipochoka, nilimwachia mume wangu simu yangu kuanzia magharibi. Ukipata mimba nyingine, usimtajie mtu siku. Sema "mwisho wa mwezi" na uache hapo.

Kuanzishiwa uchungu

Watu huogopa neno hili, wengine wakidhani ndiyo njia ya kisu. Sivyo, wengi wanaoanzishiwa hujifungua kwa njia ya kawaida. Kwanza utapimwa njia, waone mlango wa kizazi umelainika na kufupika kiasi gani. Ukiwa bado mgumu, kazi ya kwanza ni kuulainisha, na hiyo inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani dawa imeshindwa.

Tarehe 19 mkunga aliniuliza kwanza kama nakubali, kisha akaingiza kidole na kuutenganisha utando wa chupa na mlango wa kizazi kwa kuuzungusha. Kunauma, kama dakika moja, na unaweza kuona damu kidogo baadaye. Kwa baadhi hutosha kuamsha uchungu ndani ya siku mbili. Njia nyingine ni mpira mwembamba wenye puto linalojazwa maji na kufungua mlango polepole. Vidonge vya misoprostoli. Dripu ya oksitosini. Na kupasua chupa. Kila hospitali ina njia iliyoizoea. Uliza ipi, kwa nini, na mtoto atasikilizwa kila baada ya muda gani.

Misoprostoli naitaja kwa msisitizo, kwa kuwa inapatikana mitaani. Kidonge kilichozoeleka kina mikrogramu 200. Dozi ya kuanzishia uchungu ni mikrogramu 25, yaani moja ya nane yake. Nimesikia wanaonunua kimoja dukani na kukimeza chote ili wamalize kusubiri. Hiyo ni dozi mara nane, bila mtu wa kusikiliza mtoto. Usithubutu, na usimnunulie mwenzio. Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, litamke hilo kwa kila atakayekuhudumia hata kama limeandikwa kwenye kadi, maana kwa mwenye kovu dawa hii ni hatari.

Beba vitu vya siku tatu: kanga nne au tano, pamba, nguo za mtoto, soksi zake, chaja, chupa ya chai, uji. Mwambie anayekusindikiza kwamba ni kazi ndefu, asije na ratiba ya kurudi dukani saa nane.

Usiku wenyewe

Mimi niliandikiwa kulazwa tarehe 21 asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa saba, kiuno kikabana, kikaachia. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimepata uchungu wa uongo, unaokuja jioni na kuyeyuka ukioga maji ya moto, kwa hiyo sikuamini. Nikaoga, nikatembea sebuleni. Haukuyeyuka. Uchungu wa kweli haujali umekaa au umesimama. Unakuja kwa mpangilio, unarefuka, nafasi ya katikati inafupika. Ukifika mara tatu ndani ya dakika kumi, kila mmoja ukizidi sekunde 40, uwe njiani. Kama ni uzazi wa pili au zaidi, au kwenu ni mbali, usingoje mpaka hapo.

Chupa ikipasuka, angalia rangi kabla ya kubadili nguo. Maji meupe au yenye wekundu mwepesi ni ya kawaida. Ya kijani au kahawia maana yake mtoto ameshajisaidia, na kwa waliopitiliza hilo hutokea zaidi. Nenda mara moja hata kama uchungu haujaanza, na ubebe pedi uliyotumia uwaonyeshe. Usiingize kitu chochote ukeni. Ukifika leba, sentensi yako ya kwanza iwe wiki zako: "Nina wiki 41 na siku mbili." Mkunga wa leba aliposikia hivyo kwangu, alisikiliza mapigo kabla hata sijapanda kitandani.

Njia ilikuwa sentimita 5. Binti yangu alizaliwa saa mbili asubuhi, maji yakiwa na ukijani mwepesi, akalia mwenyewe. Ngozi yake ilikuwa kavu, inababuka viganjani na kwenye nyayo, haina ule utando mweupe wa watoto wa mapema. Ni kawaida kwa mtoto aliyekaa sana. Bibi wa kitanda cha jirani alitaka asuguliwe kwa mafuta itoke. Mwache mtoto, hubabuka yenyewe kwa siku chache. Kilicho cha haraka ni ziwa. Watoto waliopitiliza huweza kushuka sukari, kwa hiyo mweke kifuani ndani ya saa ya kwanza, na kama ni mlegevu, anatetemeka au hanyonyi, mwite nesi.

Na zile soksi nilizokuambia ubebe, mvalishe mikononi. Kucha za binti yangu zilikuwa zimepita ncha za vidole, na kufikia adhuhuri alikuwa ameshajikwaruza shavu.